Waya wa Taa Uliovuka Njia

Mwaka huu tumemzika Kabula wakati maduka ya Majengo yameshaanza kuwasha taa za Krismasi. Tulitoka makaburini jioni, mvua ikiwa imekatika, na mwanangu Deo akaendesha gari taratibu kwenye mitaa ile ya wafanyabiashara, ambako kila kibaraza kilikuwa na kamba yake ya vitaa: vyekundu, vya kijani, vya bluu, vinawaka na kuzima. Deo akaniuliza, "Mama, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Na kweli nilikuwa sawa, na hilo ndilo lililonisumbua. Sikulia kanisani, sikulia kaburini, na pale wenzangu wa jumuiya walipokuwa wanashikana mabega mimi nilisimama na mwavuli wangu kama mtu anayesubiri gari. Sasa nilikuwa naangalia waya uliopita juu ya mlango wa duka la vitenge, natafuta mahali ulipoungwa, nataka kujua wamefungia nini. Kwa miaka mingi kazi hiyo niliifanya na Kabula. Kila Desemba tulizunguka nyumba za jumuiya yetu, yeye na sare yake ya uuguzi kama ametoka zamu, mimi na bisibisi yangu kwenye mkoba, tukiwaambia watu soketi moja isibebe mzigo wa nyumba nzima, pazia likae mbali na taa, na wakienda misa ya mkesha wazime kila kitu hata kama watoto wananuna. Watu walizoea kutuona wawili. Hawakuuliza tulianzaje.

Watu hudhani nina moyo mgumu. Sijui kama ndivyo. Ukilalia mkono vibaya unaamka una ganzi, unaubonyeza na unajua ni wako, lakini hausikii kitu. Mwaka nitakaoueleza hapa ndio niliopata ganzi ya namna hiyo, na sikupata mahali pa kupapasa ili iondoke. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nakaa Malangali kwa Shangazi Gaudensia, nikisubiri nafasi ya chuo cha ualimu.

Sebule ya Shangazi naikumbuka kuliko sebule yangu ya sasa. Viti vya mbao vilivyovalishwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, kabati la vyombo lenye kioo kilichopasuka pembeni, picha ya Moyo Mtakatifu, redio iliyofunikwa kitambaa, na ukutani, chini ya dirisha, soketi moja. Umeme ulikuwa umeingia nyumbani mwezi Agosti. Shangazi aliiogopa ile soketi na kuipenda kwa pamoja. Wageni wakija aliwaonyesha taa ya dari kwanza, halafu soketi, kisha anasema, "Lakini hiyo hatuichezei." Ng'ambo ya njia alikaa Mzee Masanja, Msukuma aliyekuja Ufipa na mifugo yake. Kundi lake lilikuwa Mwazye kwa mdogo wake. Hapa Malangali alibakiza maksai wawili tu wa kulimia, Chongo na Bahati, kwenye zizi la seng'enge lililotazamana na dirisha letu. Kwake hakukuwa na umeme. Binti yake Kabula, aliyekuwa na miaka kumi na sita na anangoja kuingia kidato cha tatu, alikuja kila jioni kusoma chini ya taa yetu. Hakuja mikono mitupu. Mama yake alimpa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukavitafuna na chai, na Shangazi akimaliza kusonga ugali wa ulezi aliweka sahani tatu bila kumuuliza mtoto wa watu kama ameshiba kwao.

Seti ya taa Shangazi aliinunua Majengo. Muuzaji alimwambia imetoka Zambia, na kwa muda ilikuwa na heshima ya kitu kilichotoka ng'ambo. Vilikuwa vitaa vidogo kama punje za mahindi kwenye waya wa kijani. Tukaleta tawi la msonobari, tukalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, tukalipamba kwa pamba na maputo. Shangazi alisimama mikono kiunoni akitoa amri: pamba isiguse taa, maji ya ndoo yasimwagike kuelekea ukutani, tukitoka tuzime, tukilala tuzime. "Nyumba nimeijenga kwa kuuza pombe ya ulezi," alisema. "Sitaki iondoke kwa sababu ya mapambo." Kabula alikuwa amechuchumaa mbele ya tawi, uso wake unabadilika rangi. Alisema, bila kunitazama, "Kwetu zingeonekana mpaka barabarani." Nilijua alichokuwa anakisema. Jumuiya ilikuwa na desturi ya kupita njia yetu ikiimba jioni ya mkesha kabla ya kwenda misa. Wakifika kwetu husimama. Kwa akina Kabula walipita tu, kwa sababu mtu fulani aliwahi kusema wale watu wa ng'ombe hawana Krismasi, wakati mwaka ule Kabula na mama yake walikuwa wameanza mafundisho ya ubatizo.

Ndivyo tulivyopata wazo. Taa zitoke kwenye mti wa Shangazi siku moja tu, zikafungwe kwenye zizi la Mzee Masanja, na umeme utoke kwenye soketi yetu, upite dirishani, uvuke njia. Asubuhi ya tarehe ishirini na nne Shangazi alikwenda sokoni, nami nikaenda Majengo kumuuliza Fundi Festo, aliyetutandazia umeme nyumbani. Nilimkuta kwenye meza yake ya kazi, redio imefunguliwa tumbo mbele yake.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba Skola. Mmeshaunguza?"

"Hapana. Tunataka kuvusha waya kwenda kwa Mzee Masanja. Kwa ajili ya taa za Krismasi."

Aliweka bisibisi chini. "Uvuke njia? Nje?"

"Ndiyo."

"Waya gani?"

Nikamweleza: vipande vitatu vilivyobaki siku ile alipotandaza. Akatikisa kichwa. "Ule ni wa ndani, mwembamba. Na mvua hii? Hapana. Subirini. Baada ya sikukuu nakuja na waya mzima, tunasimika nguzo."

"Baada ya sikukuu utatusaidia nini tena, fundi?"

"Umeme haujui kama ni sikukuu, binti," alisema, na akarudi kwenye redio yake.

Kutoka Majengo mpaka Malangali kuna mwendo, na njia nzima nilikuwa na hasira ya kitoto. Nilipofika, Kabula alikuwa amesimama juu ya kigoda kwenye zizi lao, kamba ya taa imezunguka shingo yake kama shanga. Akaniuliza, "Amesemaje?" Ningeweza kumwambia. Nimelirudia jambo hili mara nyingi sana na kila mara naona nafasi ilivyokuwa pana. Nikasema, "Amesema sawa."

Niliunga vile vipande vitatu kwa mikono yangu. Nilikuwa nimemwona Fundi Festo akiunga, nikadhani kuona ni kujua. Utepe wa kufungia hatukuwa nao, nikazungushia karatasi ya nailoni ya mkate. Kabula alifunga taa kwenye seng'enge, mimi nikapitisha waya juu ya njia kwa fito mbili, na kiungo cha mwisho kikaangukia palepale kwenye seng'enge, kwenye kona ya lango. Saa kumi alasiri mvua ilipungua ikawa manyunyu, nikachomeka. Mbingu ilikuwa nzito kiasi kwamba taa zilionekana ingawa ni mchana. Kabula alifunika mdomo kwa kiganja akacheka. Mama yake alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, akasema kitu kwa Kisukuma ambacho Kabula hakunitafsiria. Shangazi alikuwa amesharudi, akachungulia dirishani akauliza, "Fundi amejua?" Kabula akajibu kwa sauti, kwa furaha, "Amesema sawa, Shangazi!"

Mzee Masanja alikuwa anarudi kutoka shambani. Alikuja nyuma ya maksai wake wamefungwa nira, mnyororo wa plau unaburuzika kwenye matope, yeye amevaa mabuti yake ya mpira yaliyofika magotini. Alishangaa kuona taa. Nadhani alikuwa anaanza kutabasamu. Bahati alipitisha bega langoni, akagusa seng'enge iliyolowa, na akaanguka kwa magoti kama ng'ombe anayechinjwa. Chongo aliyekuwa naye kwenye nira moja akavutwa, mnyororo ukapiga kwenye waya, naye akaanguka juu yake. Hakukuwa na kelele kubwa. Hilo huwa nawaambia watu kwenye nyumba zao, kwamba wasitegemee kelele. Kulikuwa na mlio mdogo, kama mafuta kwenye kikaango. Mzee Masanja hakuelewa. Alidhani ni nyoka, akawa anazunguka na fimbo yake anatafuta kwenye nyasi, na yale mabuti ndiyo yaliyomwacha hai. Kabula alikuwa na ndala. Alikimbia kuwafungua maksai nira, akashika mnyororo kwa mkono wa kulia, na nikamwona akitikisika halafu akirushwa nyuma. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka dirishani. Sikukimbilia soketi. Nilisimama. Aliyechomoa waya ni Shangazi.

Krismasi tuliyokula ilikuwa wali alioupika mke wa jirani, kwa sababu Shangazi alikuwa hospitali na mama yake Kabula. Kabula alikuwa hai. Kiganja na vidole viwili ndivyo vilivyoungua sana. Nje, wanaume wa mtaa walikuwa wanachimba shimo. Bwana mifugo alikuwa amesema nyama isiliwe, na nilisikia wanawake jikoni wakibishana kwa Kifipa, mmoja akisema ni dhambi kufukia ng'ombe wawili siku ya sikukuu, mwingine akisema huyo fundi anayeruhusu waya kupita mvuani ndiye angefukiwa. "Festo?" "Si ndiye aliyesema sawa? Mtoto amesema mwenyewe." Nilikuwa nasuuza sahani. Niliendelea kusuuza sahani ileile.

Siku ya pili waliporudi kutoka hospitali nilikwenda kuwaona. Kabula alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mama yake alinipa chai ya maziwa. Mzee Masanja alikaa kwenye kigoda mlangoni, akiutazama udongo mpya ng'ambo ya zizi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alisema bila kugeuka, "Ule waya, nani aliufunga?"

Nilifungua mdomo. Naamini nilifungua mdomo. Kabula akasema kutoka kitandani, "Mimi, baba."

"Peke yako?"

"Skola alikuwa ananishikia tu."

Akamgeukia, akamwambia maneno kwa Kisukuma, mafupi, na mama yake akainamisha kichwa. Chai yangu ilipoa mkononi ikaweka utando. Sikulia, sikutetemeka. Ndipo ilipoanza, ile ganzi, na ilikuwa kama kupumzika.

Januari Kabula hakurudi shule. Msimu wa kulima ulikuwa umefika katikati, maksai hawapo, na baba yake alisema mtoto aliyemaliza ng'ombe wake hawezi kukaa darasani wakati wenzake wanashika majembe. Akampeleka Mwazye kwa baba yake mdogo, akasaidie huko. Aliondoka asubuhi ndani ya pikapu iliyobeba magunia ya chumvi ya ng'ombe. Nilimwona dirishani. Alinipungia kwa mkono wa kushoto.

Jumuiya ilifanya jambo jema, na hilo nalo lilinibana. Kila Jumamosi, kwa majuma kadhaa, watu walikwenda na majembe yao kwenye shamba la Mzee Masanja na kulima kwa mikono, kwa namna yetu Wafipa, kufukia nyasi ndani ya matuta ya duara ili zioze ziwe mbolea. Mzee aliyatazama matuta yale kama mtu aliyetengenezewa kitanda asichokijua, lakini alishukuru. Nililima kuliko wasichana wote. Watu walinisifu. Shangazi alisema, "Huyu mtoto ana uchungu na rafiki yake," na mimi nilitamani kwamba ingekuwa kweli, kwa sababu nilikuwa sisikii chochote, si uchungu wala malengelenge ya mikononi. Siku moja, tukirudi, tulipita kwenye meza ya Fundi Festo. Ilikuwa haina kitu juu yake. Hapo zamani ungekuta redio tano, pasi, feni ya ofisi fulani. Aliniita.

"Skola. Mimi siku ile nilisema nini?"

"Ulisema tusubiri."

"Basi," alisema. Alichukua kitambaa akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Hakuniuliza zaidi, na hakwenda kwa mtu yeyote kujitetea. Nilikuja kujua baadaye kwamba alidhani Kabula ndiye aliyedanganya, na hakutaka kumwongezea mzigo mtoto mwenye mkono ule.

Barua ya chuo ilikuja Aprili ikisema nafasi yangu ni ya mwaka unaofuata. Shangazi alisikitika. Mimi niliiweka chini ya kitambaa cha redio. Nilikuwa nakula, nalala, natwanga, naimba kwenye kwaya. Sauti yangu ilikuwa nzuri mwaka ule, wote walisema. Mama yake Kabula aliendelea kutuletea michembe, na siku moja Juni, upepo wa baridi ukivuma kama unavyovuma huku kwetu msimu huo, alituletea kibaba cha mtindi na kukaa jikoni na Shangazi. Nilikuwa chumbani, mlango umerudishiwa. Nikamsikia akimwita mama kwa Kisukuma, akisema, "Amesahau kuandika, mayu. Nimemwona juzi Mwazye. Kalamu haikai kwenye vile vidole. Anajaribu kwa mkono wa kushoto, anaandika kwenye mchanga, akiona mtu anafuta." Shangazi akamuuliza kama baba yake amepunguza hasira. Akajibu, "Hana hasira. Ana aibu kwamba mwanawe hana akili."

Nilitoka mlango wa nyuma, nikavuka njia. Mzee Masanja alikuwa kwenye jua, nyuma ya nyumba, anachonga nira mpya. Mdogo wake alikuwa amemwahidi maksai wadogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mayu."

Nikasema nikiwa nimesimama. Nilisema waya niliufunga mimi, vipande vyote vitatu. Nilisema fundi alikataa, na mimi nikamwambia Kabula fundi amekubali. Nilisema Kabula hakujua. Sauti yangu ilikuwa tulivu kama ninasoma somo la kwanza kanisani. Mzee aliendelea kuchonga, vipande vya mti vinaangukia miguuni pake, halafu akasimamisha tezo.

"Miezi sita," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Nilimwambia mtoto maneno mabaya. Nilimwambia afadhali angekufa yeye nikabaki na ng'ombe." Alinitazama, na macho yake hayakuwa na ukali niliouandaa mwili wangu kuupokea. "Sasa maneno hayo nayarudisha wapi?"

Akaweka tezo chini. "Kamwambie Gaudensia. Halafu mnifuatie mwanangu."

Shangazi hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikaa kwenye kiti chake, akaniambia nivae vizuri, Alhamisi kuna sala ya jumuiya na mimi nitazungumza. Ilikuwa kwenye sebule ya mwenyekiti wetu, watu wamebanana kwenye mabenchi, harufu ya makaa na ya makoti ya baridi. Baada ya sala Shangazi akasimama akasema, "Skolastika ana neno." Nikalisema lilelile nililomwambia mzee. Fundi Festo alikuwa amekaa karibu na mlango. Wanawake waliokuwa jikoni siku ya Krismasi waliangalia chini. Hakuna aliyenitukana. Mwenyekiti alisema tumeshukuru kwa ukweli, akatangaza wimbo, na tukauimba, na mimi nikaimba sauti ya kwanza kama kawaida. Nje, Fundi Festo alinipita, akarudi hatua mbili. "Kesho njoo mezani kwangu," alisema. "Uliunga waya kama mtu anayesuka nywele. Sitaki ufe na ujinga huo."

Mwazye tulikwenda mimi na Shangazi, juu ya lori la mahindi, tumejifunga kanga vichwani kwa ajili ya vumbi. Kabula tulimkuta anakamua. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe, mkono wa kushoto unafanya kazi, wa kulia umeshikilia kibuyu kwa vidole vitatu. Viwili vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani na havikufunguka tena maisha yake yote. Shangazi aliingia ndani kuzungumza na baba mdogo. Mimi nilichuchumaa upande wa pili wa ng'ombe.

"Nimewaambia," nikasema.

Maziwa yaliendelea kupiga ndani ya kibuyu. "Wote?"

"Baba yako. Jumuiya. Fundi."

"Kumbe fundi alikataa." Hakuwa anauliza. Alikuwa amebakiwa na hilo moja tu la kujua, na nililiona likimfikia.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Wewe ulikuwa kwa shangazi yako. Angekurudisha kwenu, na chuo ungekikosa. Mimi nilikuwa kwa baba. Nikasema baba hawezi kunifukuza." Akamsukuma ng'ombe kidogo kwa bega ili asogee. "Kumbe anaweza."

Nilimwambia anisamehe. Alisema, "Ngoja nimalize kukamua," na akamaliza, na akabeba maziwa ndani. Neno nililoliomba hakulisema siku ile, na kwa kweli hakulisema siku yoyote. Alichofanya ni kupanda lori pamoja nasi asubuhi yake, na njiani, baridi ilipozidi, alifunua upande wa shuka lake akanifunika bega moja.

Miezi iliyobaki nilikuwa asubuhi mezani kwa Fundi Festo na jioni sebuleni na Kabula, yeye akijifunza upya kuandika, mimi nikimpangia mistari. Fundi alinifundisha kwa maneno machache. Kiungo hakikai nje, na kama lazima kiwepo, basi utepe wake, si nailoni ya mkate. Chuma na maji ni vitu vya kuogopa kwanza, kabla hujafikiria uzuri. Waya ukipata moto mkononi, chomoa, usijiulize. Mtoto asifikie, mfugo usifikie. Na anayewasha ndiye anayezima. Nilishika yote kama nilivyoshika katekisimu, bila kusikia ladha. Redio na pasi zilirudi mezani kidogo kidogo. Mzee Masanja alikwenda shuleni mwenyewe, amevaa koti, kumwombea binti yake nafasi ya kuanza Januari. Mkuu wa shule alikubali.

Ikafika tena Desemba. Nilidhani Shangazi ataitupa ile seti ya taa, lakini aliihifadhi kwenye bati la biskuti, na majuma mawili kabla ya sikukuu aliiweka mezani mbele ya Fundi Festo. "Ikague," alisema. "Mbovu uchome, nzima ufunge. Nimechoka kuiogopa." Fundi alikagua kitaa kimoja kimoja. Jioni ya mkesha tulizifunga kwenye baraza letu, chini ya bati, pasipofikiwa na mvua, juu kuliko mkono wa mtoto, kwa waya mmoja mzima uliotoka kwenye swichi mpya iliyowekwa ndani ya mlango. Hakuna kilichovuka njia. Shangazi alikuwa amewaalika wa ng'ambo waje kwetu, ili jumuiya ikisimama, isimame mbele ya nyumba mbili kwa mara moja. Mama yake Kabula alikuja na sufuria la kuku. Mzee Masanja alikuja na mabuti yake, akakaa kwenye benchi, akaweka mikono kwenye magoti.

Kabula hakuja na wazazi wake. Fundi alipowasha, na watoto wa majirani walipopiga kelele, nilimwona amesimama katikati ya njia, kwenye manyunyu, kitenge kichwani. Kwa mbali tulianza kusikia waimbaji.

"Ingia mwanangu, unalowa," Shangazi alimwita.

"Zimeni kwanza," alisema Kabula.

Fundi Festo akanitazama. Nikazima. Baraza likawa giza na watoto wakanung'unika. Kabula akapanda ngazi, akapanda kigoda, na kwa ule mkono wa kulia, kwa migongo ya vile vidole viwili vilivyojikunja, akaanza kuupapasa waya tangu mlangoni. Alikwenda polepole, akishuka, akisogeza kigoda, akipanda tena. Baba yake alisimama akamshikia kigoda. Waimbaji walikuwa wameshafika kwenye kona, nasi tulikuwa tumekaa gizani, na yeye hakuharakisha, mpaka alipofika kitaa cha mwisho.

"Hauna kiungo," alisema.

"Hauna," nikamjibu.

"Nawasha mimi."

Nikampisha mlangoni. Akawasha. Watu wakapiga vigelegele, jumuiya ikasimama mbele yetu ikiimba, taa zikiwaonyesha nyuso zao zilizolowa, na Shangazi akawa anaimba nao huku akifuta macho. Mimi niliangalia vidole vya Kabula juu ya swichi. Havikuondoka. Alibaki amesimama pale, mgongo ukutani, ameviegemeza kwenye kile kitufe mpaka wimbo ulipokwisha na mtu wa mwisho akapita, tayari kuzima.